Kumshitaki Jamaa Aliyemzuia Mtoto

Katika mtaa wa Matonge, ulioko Ixelles mjini Brussels, wanaishi watu wengi wenye asili ya Kongo, na wamo miongoni mwao wasemao Kiswahili. Talaka huwafika huko kama inavyowafika wenzao wa Maskati na Dubai, na mara nyingi huja na jambo moja linalofanana. Baba huomba amchukue mtoto wiki mbili akamwone bibi yake, na wiki mbili hugeuka mwaka. Bibi humpokea mjukuu kwa furaha, ami hulipa tikiti, na hakuna kati yao ajionaye mwizi. Mama aliyebaki Ixelles huambiwa kwamba mtoto yuko kwao, na huulizwa kama kweli atawapeleka jamaa polisi.

Swali hilo si dogo, kwani kukata udugu ni dhambi nzito. Lakini humhesabu mama kuwa ndiye mkataji, na hali udugu umekwisha katwa tangu siku mtoto alipozuiwa asirudi.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliachana na mkewe wa Kiansari, mama wa mwanawe Asim. Siku moja alifika Quba akamkuta mtoto anacheza kwenye uwanja wa msikiti, akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake. Bibi yake mtoto, mzaa mama, akamfuatia na kumzuia. Wakaenda kwa Sayyidna Abubakar (R.A.), kila mmoja akidai kuwa mtoto ni wake. Abubakar akahukumu mtoto aachwe kwa mwanamke, na Umar hakujibu neno. Hapana aliyesema kwamba yule bibi alimvunjia heshima mtu mkubwa kwa kumfikisha mbele ya hakimu. Na katika mwaka wa 7 Hijria, Ali, Jaafar na Zayd walipomgombania binti wa Hamza, kila mmoja kwa hoja yake, Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeamua, akampa Jaafar kwa kuwa mkewe alikuwa mama mdogo wa mtoto.

Wengine husema kwamba hukumu ya Ulaya haimfungi Muislamu katika hadhana. Udhuru huu ni dhaifu. Sheria ya Oman ya mwaka 1997 nayo imemtanguliza mama wazazi wanapoachana, kisha baba, kisha mama wa mama, isipokuwa kadhi akiona maslaha ya mtoto yako kwengine; na imemkataza mlezi kusafiri na mtoto nje ya nchi bila ya idhini ya walii wake. Kwa hiyo mama atorokaye na mtoto kutoka Ixelles hadi Goma yumo katika kosa lile lile.

Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 28 Novemba 2000, iliweka adhabu ya kifungo kwa mzazi amnyakuaye mwanawe kutoka kwa mwenye haki, na ikaizidisha adhabu hiyo akimficha zaidi ya siku tano au akimzuia nje ya nchi. Hata ridhaa ya mtoto haikukubaliwa kuwa udhuru. Uko pia Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, ambao makusudio yake ni kumrudisha mtoto, si kumfunga mtu. Lakini nchi nyingi za Ghuba na Afrika Mashariki hazimo ndani yake. Panapokosekana mkataba, mama huona hana mlango ila wa polisi.

Na mlango huo una hatari yake. Baba anayetafutwa na mahkama huogopa kurudi, na asiporudi yeye, mtoto naye harudi. Mashitaka basi ni halali kwa aliyedhulumiwa, lakini nia yake iwe ni kumrejesha mtoto, si kumwona mtalaka wake amefungwa pingu. Wala bibi aliyefungua mlango tu asiwekwe daraja moja na ami aliyepanga safari akijua.

Jambo hili mama alifahamu kabla ya kutia saini. Akishapeleka mashitaka, anaweza kuisamehe haki yake mwenyewe. Ama haki ya umma iko mikononi mwa mwendesha mashitaka, naye si lazima aiache kesi kwa kuwa mama amesamehe.