Kesho Keshasahau

Mama mkwe wangu hana ubaya. Aliposikia tunapanda basi la Rubavu likizo hii ya kiangazi, alisema wanachosema wengi wenye akili ya matumizi: "Mwanangu, huyu ana miaka mitatu. Mnampeleka huko ziwani akaone nini? Kesho keshasahau." Wiki hiyohiyo nilimweleza kwamba Septemba binti yetu anaanza chekechea nyingine, kwa kuwa tumehama mtaa wa Nyamirambo kwenda Kimironko. Akanifariji vilevile: usihangaike, atasahau.

Basi kusahau kufute raha, kufute na uchungu. Kuna nguvu hiyo kweli?

Kweli atasahau. Kumbukumbu za wengi wetu huanzia kwenye miaka mitatu, mitatu na nusu, tena vipandevipande. Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliandika katika Maungamo kwamba uchanga wake aliujua kwa kusimuliwa na kwa kutazama watoto wengine, akaona tabu kuuhesabu kuwa sehemu ya maisha yake. Alikuwa baba pia, ana mtoto wa kiume, lakini pale anaandika kama mtoto wa watu tu.

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Utotoni, madrasani kule Biryogo, nililipokea hilo kama afueni: makosa hayaandikwi. Sasa nikiwa mzazi linanipa kiwewe kidogo. Siku hizi anazoishi binti yangu hazibaki kichwani mwake, na daftari la makosa yake halijafunguliwa. Lakini ipo hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ya mwanamke aliyemwinua mtoto mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza kama huyu naye ana hija. Akajibiwa kwamba anayo, na yeye mama ana ujira. Mtoto wa kubebwa! Angekumbuka nini cha Arafa? Safari yake ilihesabiwa hivyohivyo.

Imamu Ghazali anamwita mtoto amana mikononi mwa wazazi wake, na anataka aachwe acheze baada ya masomo. Mimi si mwanachuoni, ila hukumu ya amana naijua: mtu akikuwekea fedha kisha akasahau kwamba alikuwekea, hazigeuki kuwa zako.

Rubavu tulikwenda. Alitapika Shyorongi, kwenye kona za mwanzo kabisa, akalala mpaka tukaipita Musanze. Ziwani aliyaogopa mawimbi, akakaa pale maji yanapokufa, akijaza mchanga kwenye chupa ya soda na kuumwaga, mpaka vidole vikamkunjamana. Kuondoka ilikuwa vita.

Jumapili nyingine tulikwenda Nyandungu, bustani ya ardhi oevu iliyofunguliwa mwaka 2022, njia ya uwanja wa ndege. Hapo tunajidai wenyeji sasa. Alikuwa akimwambia kila kereng'ende "mwaramutse", ingawa ilikuwa alasiri, halafu akasimama ghafla. "Mama, mwalimu akiita jina langu kule, nani ataitika?"

Kila asubuhi mwalimu wake wa Nyamirambo huwaita majina, nao huitika kwa kuinua mikono yote miwili. Nusu mwaka amelala akiujua utaratibu huo. Sasa anaona jina lake litaitwa, watoto watageuka, na pale pake hapana mtu. Kumwambia mtu mwenye hofu hiyo kwamba atasahau ni kumjibu mwanamke mzima wa miaka thelathini ijayo, na huyu wa sasa, aliyenishika kanga, umwache bila jibu.

Nilimwambia tutakwenda sote kumuaga mwalimu, amwombe mwenyewe alifute jina lake. Tumepanga mwisho wa Agosti, walimu wakija kuandaa madarasa.

Mama mkwe amesema hata hilo atalisahau. Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi, maana kwa mwalimu hakuendwi mikono mitupu, na yeye atakaanga sambusa.