Hekima ya Bezaleli

Mwezi uliopita kijana mmoja wa darasa langu la useremala alibaki karakanani wenzake walipokwenda kula. Alikuwa anachonga ulimi wa fremu ya mlango kwenye ubao wa mkongo, mti mgumu usiopatana na patasi butu. Akauchomeka kwenye tundu lake, akagonga mara mbili kwa nyundo ya mti, ukakaa. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nikamwambia hiyo kazi safi. Akainama, akaniuliza: "Mwalimu, nikiishia hapa nitakuwa nimefeli?"

Swali lile limeninyima usingizi. Kwetu mtoto huletwa ufundi akishapata ziro kidato cha nne, na mzazi huongea kwa sauti ya chini kama aliyefiwa. Siku hizi njia iko wazi: mwenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu anaweza kuomba ngazi ya nne ya chuo, akaenda mpaka stashahada, hata shahada. Fundi aliyejifunzia chini ya mwembe naye hupimwa na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, akapewa cheti. Nafurahi sana, maana ni haki yao iliyokawia. Ila kila tunapoisifu njia hiyo tunamwambia kijana kwamba atafika mbali, naye anasikia kwamba hapa alipo si mahali pa mtu kukaa.

Mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikataa shule ya msingi iwe maandalizi ya sekondari tu. Alitaka iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Vyuo vya maendeleo ya wananchi kama hiki changu, vilivyoanza 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vilizaliwa na fikra hiyohiyo.

Mimi ni mzee wa kanisa, na jibu langu nilikwenda kulitafuta katika Kutoka, sura ya 31. Pale Mungu anamtaja fundi kwa jina lake, Bezaleli wa kabila la Yuda, na kusema amemjaza roho yake ili afue dhahabu, achonge mawe na mbao. Neno la Kiebrania lililotumika hapo, hokma, ndilo hilohilo la hekima ya Sulemani. Maandiko hayakuweka hekima moja ya kiti cha enzi na nyingine ya karakana. Nami naamini hivyo kwa sababu nimeiona: unaranda ubao, nyuzi zinageuka ghafla, na mkono unapunguza nguvu kabla jicho halijaona kitu. Nani aliyefikiri hapo? Kama huko si kujua, basi sijui kujua ni nini.

Nilimwambia kijana: ukiwa na kiu ya hesabu za mapaa na uzito unaobebwa na boriti, omba ngazi ya nne, nitakuandikia barua mimi mwenyewe. Usiombe kwa kukimbia aibu.

"Na baba je?" akauliza.

Jumamosi tukaibeba ile fremu wawili mpaka kwao. Mzee alitukaribisha, akaitazama kitambo bila neno. Kisha akachuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo, taratibu, juu na chini, akitafuta kichwa cha msumari.