Samaki wa Ziwani, Wimbo wa Nani?

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana akipiga gitaa katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, na kipande kilichompa sifa ni “Masanga”. Santuri zake zilifika Nairobi, wapiga gitaa wa Kenya wakaketi kuzisikiliza na kuiga vidole vyake. Baadaye Bosco mwenyewe alikwenda kupiga huko, na mwaka 1969 akafika hadi tamasha la Newport, Marekani. Swali langu ni hili: je, wale waliomwiga walimwibia?

Kwetu Kafutuma, upande wa Nchelenge wa Ziwa Mweru, Katanga iko ng'ambo tu ya maji, na nyimbo huvuka pamoja na samaki. Ukiuliza swali hili utajibiwa haraka kwamba wimbo hauna mwenyewe, ni kama ziwa. Mfano huo naupenda, ila naona unaishia njiani. Chisense walio majini ni wa wote, kweli. Wakishaanikwa juu ya mchanga, hakuna apitaye akajichotea ndoo kwa hoja kwamba ziwa ni la wote. Pale pana usiku mzima wa mtu, taa yake, wavu wake na baridi aliyoipata.

Mtu anaweza kunipinga, na pingamizi lake ni zito: chisense wakiliwa wamekwisha, lakini wimbo ukiimbwa na mwingine unabaki. Bosco hakupungukiwa na chochote Mkenya alipojifunza “Masanga”. Tena kujifunza kule kulikuwa kazi, vidole viliuma. Basi kama kuna kinachoibwa, ni nini?

Mjomba wangu alitunga wimbo kuhusu miezi ya kufungwa kwa uvuvi, wanaume wanapozurura sokoni mikono mitupu. Mtu akamrekodi kwa simu kilabuni. Wiki chache baadaye wimbo ulikuwa ukiuzwa Kashikishi na wale wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi, na simu ikiupiga ilionyesha jina la mtu mwingine. Mjomba hakutaja kwacha hata moja. Alisema, “Mwipwa, sasa nikiuimba mimi wataniambia naiga.”

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Bosco aliigwa akakua, kwa sababu jina lake lilisafiri pamoja na santuri. Tazama “Malaika”: Fadhili William aliurekodi, Adam Salim akadai ndiye aliyeutunga, na wakati huo Miriam Makeba na Boney M wakaupeleka duniani. Mamilioni wanaujua wimbo, na ubishi juu ya mwenyewe haujatulia. Jina likikatika, malipo nayo hayajui pa kwenda.

Sisemi fedha ni jambo dogo. Zambia ina sheria ya hakimiliki, lakini sheria hutafuta jina kwenye karatasi, na mjomba hana karatasi. Muuza memori kadi naye ana watoto wa kulisha. Simtaki afunge meza yake. Kuandika jina la mtunzi kwenye simu hakumalizi hata dakika moja, na wateja wake wanamjua mjomba kwa sura.

Mjomba mwenyewe anadaiwa pia. Mtindo wake wa kupiga kwa vidole viwili aliupata kwa mvuvi mmoja wa Kilwa, ng'ambo, ambaye naye aliupata kwa kusikiliza santuri. Kila anapoanza kupiga, mjomba humtaja mvuvi yule kwanza, hata mbele ya watu wasiomjua, na wengine huchoka wakamwambia aanze wimbo.