JUMANNE: Aliyeomba Kwanza

Soma Yohana 4:5–10. Yesu alikuwa na zawadi ya kumpa mwanamke Msamaria. Kwa nini alianza kwa kumwomba maji?

Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Lakini Mwalimu Mkuu aliketi kisimani kama mhitaji, na kwa kuomba akamheshimu yule mwanamke.

Mfikirie mwalimu Mwadventista kutoka bara, aliyepangiwa kufundisha Tibirinzi, kisiwani Pemba. Msimu wa karafuu umefika, na mwanafunzi wake haonekani darasani. Barua mbili kwa bibi anayemlea hazikujibiwa. Mwalimu anahitimisha kwamba nyumba ile haijali elimu.

Siku moja anapiga hodi. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu. Karibu.” Bibi anachambua karafuu, fedha yake ndiyo itakayonunua sare. Kando yake upo msahafu anaousoma kila siku. Kumbe bibi ni msomaji! Barua ndizo zilizoandikwa kwa herufi asizozijua.

Mwalimu anaketi jamvini, anaomba afundishwe kuchambua. Mikono ikiwa kazini, wanapatana: asubuhi ni ya shule, chuo kina saa zake, na karafuu zitamsubiri mtoto jioni.

Hakuna aliyeacha imani yake. Kilichoachwa ni hukumu iliyotangulia kusikiliza (Mithali 18:13).

Kwa tafakari: Ni familia ipi umeihukumu kabla ya kuvuka kizingiti chake? Juma hili, utakwenda kuiomba nini?