Kusadikika ni Nchi ya Nani?

Hadithi ya kubuni ikishachapishwa, maana yake huamuliwa na nani? Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani. Nduguye, Kufikirika, kilitoka miaka kadhaa baada ya mtunzi kufariki mwaka 1962. Hapa Kifanya wasomaji wa vitabu hivyo hawapatani. Mwalimu mmoja mstaafu hushikilia kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Mwingereza, basi. Mama mmoja, mkulima wa viazi, humkatalia: kwake ni mkutano wa kijiji alikozaliwa, siku aliposimama kuuliza mapato na matumizi akaambiwa akae chini.

Mwalimu husema mama anapotosha kitabu. Mimi sioni hivyo. Wajumbe sita walitumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema ya kuigwa, wakatupwa gerezani. Adhabu kama hiyo haichagui rangi ya mtawala. Lakini (na hapa mama hunikunjia uso) Karama alipewa nafasi ya kujitetea, siku baada ya siku, na wakubwa wakamsikiliza mpaka mwisho. Sehemu hiyo mama huiruka. Nilimwuliza sababu. Akasema hiyo ndiyo ya kubuni.