Saa ya Mkononi na Simu ya Mfukoni

Jumapili moja baada ya ibada kijana wa usharika wetu aliningoja mlangoni. Mwaka huu amepata kazi, naye alikuwa ameweka akiba kidogo. Akasema, "Baba Mchungaji, nataka kununua saa ya mkono. Rafiki zangu wanicheka, wasema simu yaonyesha saa kwa usahihi zaidi. Mama naye asema ni kutupa fedha. Je, ni vibaya kununua kitu nisichokihitaji, kwa sababu nakipenda tu?"

Nilitaka kumjibu upesi, kama tufanyavyo sisi wachungaji tukiwa na njaa baada ya ibada ya pili. Neno "ubatili" lilikuwa tayari ulimini. Lakini alipokuwa akisema, macho yake yalitua juu ya mkono wangu wa kushoto, na juu ya mkono huo ilikuwapo saa ya marehemu baba yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe majuma mawili." Haya ndiyo niliyoyawaza katika majuma hayo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule. Saa yake ni ya kutia ufunguo, naye aliitia kila jioni kabla ya sala ya nyumbani, akiizungusha polepole na kusikiliza. Kengele ya shule ilipigwa kwa saa ile, na watoto wa vijiji vitatu walikwenda na kurudi kwayo. Hakuna aliyemwuliza kwa nini aivaa. Yeye aliihitaji. Mimi siihitaji, wala siwezi kuivua, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo.

Ziko habari za kale za mji wa Geneva zinazotufaa hapa. Yohane Calvin alirudi katika mji ule mwaka 1541, na katika miaka iliyofuata mapambo ya dhahabu na vito yalikatazwa. Wafua dhahabu wakahangaika, maana kazi yao ilikuwa pambo. Huelezwa ya kuwa wengi wao waligeukia kutengeneza saa, wakisaidiwa na wakimbizi Waprotestanti waliotoka Ufaransa na ufundi huo mikononi mwao. Mwaka 1601 mafundi wa saa wa Geneva walikuwa na chama chao chenye kanuni. Basi angalia: pambo lilikatazwa kwa jina lake, likarudi limevaa nguo za kazi. Maana ni nani angemkataza mtu kujua saa ya ibada? Tangu siku hizo mtu aliyependa saa nzuri aliweza kusema, "Nainunua kwa ajili ya kazi." Labda alisema kweli, labda nusu ya kweli.

Nguo hizo za kazi zimevuliwa katika siku zetu. Tarehe 25 Desemba 1969, huko Tokyo, kampuni ya Seiko ilitoa saa ya mkono ya kwanza iendeshwayo kwa kipande cha kwatsi na betri. Katika saa za kwatsi za leo kipande hicho hutikisika mara 32,768 kwa sekunde moja. Gurudumu la saa ya kamani hupiga mara tano, au sita, au nane tu. Saa ya kamani, hata ikiwa ya dhahabu, yaweza kukosea sekunde kadhaa kila siku. Ile ya kwatsi hukosea hivyo kwa mwezi mzima. Casio ya plastiki iitwayo F-91W, iliyotolewa mwaka 1989 na ingali ikiuzwa, huishinda kwa usahihi saa ambayo bei yake ingejenga nyumba. Uswisi ilikuwa na watu wapata 90,000 katika kazi ya saa mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 ilibaki kama theluthi moja. Kisha ikaja simu janja, ambayo hupokea wakati kutoka katika mtandao, nayo haihitaji hata kurekebishwa. Basi udhuru wa kazi umeondoka. Limebaki pendo peke yake, wala halina kitu cha kujifunika.

Je, pendo hilo ni baya? Mimi sioni hivyo. Anayesuka kikapu na kukitia rangi hakihitaji rangi ili kibebe mahindi. Mlango wa Zanzibar uliochongwa maua haufungi vizuri kuliko ubao mtupu. Anayesema kila kisicho cha lazima ni ubatili, na aanze kwa kung'oa maua ya ua wake mwenyewe.

Lakini kuna kupenda kitu, na kuna kupenda macho ya watu yanayokitazama, na mambo haya mawili hufanana sana yakiwa moyoni. Nimetafuta njia ya kuyatenga, nikapata swali moja: Je, ungeivaa saa hiyo hata kama ungelazimika kuifunika sikuzote kwa mkono wa shati? Sokoni ziko saa za kuigiza, zenye jina kubwa la Uswisi usoni, na bei yake ni ya kuku wawili. Aliyenunua moja ya hizo hakununua saa, amenunua jina, nalo si lake. Hataki kuijua saa, ataka tudhani. Wala tajiri mwenye ile ya kweli asifurahi upesi, maana swali la mkono wa shati ni lake pia.

Narudi kwa rafiki za yule kijana, wasemao kwamba simu yatosha. Ni kweli simu yajua saa, lakini haijui kuisema saa peke yake. Mwaka uliopita nilikaa kando ya kitanda cha mzee mmoja mgonjwa. Alikuwa ameanza kunieleza habari za ndugu yake, na shamba lililowatenga tangu ujana wao, mambo ambayo nadhani hakumwambia mtu. Nikatoa simu, nitazame saa tu, kwa kuwa nilingojwa mahali pengine. Palikuwa na ujumbe juu ya mabati ya nyumba ya mikutano. Nikausoma. Nikaujibu kwa maneno mawili. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameugeukia ukuta. Akasema kwa upole, "Mengine tutaongea siku nyingine, Mchungaji." Siku nyingine haikupatikana.

Sisemi kwamba saa ya mkono ingeniokoa. Mwenye haraka huonekana hata akitazama jua. Lakini saa ya baba ingeniambia neno moja na kunyamaza, nami ningemrudia mzee. Nalikuwa nimeiacha nyumbani siku ile. Kwa sababu hiyo sizipendi sana saa mpya zinazopokea ujumbe na kutetemeka. Hizo naziona kuwa simu zilizopanda mkononi, ingawa najua ziko zinazowasaidia wagonjwa wa moyo, nami sitawanyang'anya.

Tena uso wenye mishale watufaa sisi kuliko wengine. Mshale mfupi ukiwa juu ya saba, sisi twasema saa moja. Na moja ndiyo iliyo mkabala wake. Ukiwa juu ya tisa, mkabala wake ni tatu. Mtoto wetu hujifunza kutazama upande wa pili wa mshale, asihesabu neno. Simu ikiandika 16:00 hana budi kutoa sita ili apate saa kumi.

Majuma mawili yalipokwisha tulikwenda pamoja kwa fundi wa saa anayekaa barazani karibu na stendi. Kijana aliishika kwanza saa moja kubwa ing'aayo, yenye jina nililolitaja bila kulitaja. Nikamwuliza swali la mkono wa shati. Akacheka, akairudisha. Fundi akampa ushauri wa kazi yake: mkono mwembamba usibebe saa pana, na saa isiyo na vipuri mjini isinunuliwe hata ikiwa nzuri. Ndipo akamtolea Seiko 5 iliyokwisha tumika, ya aina zile zilizoanza mwaka 1963, zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. Akaufungua mgongo wake, na kijana akalitazama lile gurudumu dogo likienda na kurudi, akatazama muda mrefu, wala hakukumbuka kutuangalia sisi. Bei sitaitaja, maana mama yake husoma gazeti hili.

Fundi alipokwisha kufunga akauliza, "Niiweke saa ngapi?" Saa ya baba yangu ilikuwa nyuma dakika nne. Kijana akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akamsomea.