Kufufua Chombo Kikuukuu

Liko swali ambalo kwa sura ni dogo lakini kwa maana ni kubwa. Je, ni halali mtu kutumia mali, nguvu na umri wake katika kufufua chombo ambacho wenzake wamekwisha kukitupa? Katika Ulaya na Marekani wako watu wanunuao magari makuukuu ya zimamoto. Huyafungua kipande kwa kipande, huyaondoa kutu, huyapaka rangi yao nyekundu, hata kengele ikalia tena. Hawalipwi kwa kazi hiyo, na aghalabu huchekwa. Bweni, kijiji cha ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, chombo chenyewe si gari bali ni mashua. Lakini swali ni lile lile.

Tuseme mashua imelazwa pwani miaka mingi. Jua limeachanisha mbao, mvua imeozesha mataruma, na kalafati imetoka. Mwenyewe aliirithi kwa baba yake, naye ataka kuirudisha baharini. Jirani yake humwambia, "La kuvunda halina ubani." Hasemi ovyo. Mbao zina bei, misumari ina bei, pamba na deheni zina bei, na fundi hali upepo. Kwa fedha hizo nyumba ingeezekwa upya au mtoto angepelekwa shule. Mwenye mashua naye hujibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali mbili zimekabiliana, na zote mbili ni za wahenga wale wale. Nani ahukumu?

Fundo la kwanza ni hili: mbao zote zikibadilishwa, mashua itakuwa ile ile? Wayunani wa kale walibishana juu ya jahazi la Theseus, ambalo watu wa Athens walilihifadhi kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya. Mfano wa kwetu uko katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma kwa vipande, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa. Waingereza waliizua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikatiwa za dizeli. Jina si lile, injini si zile, bendera si ile. Hata hivyo abiria wa ziwani hawakusita kuiita meli ile ile, kwa kuwa iliendelea kuwavusha. Kwa hiyo chombo hakikai katika mbao na chuma peke yake; hukaa pia katika kazi yake kwa watu.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila kufufua ni wema. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Mafia, katika delta ya Rufiji, manowari ya Königsberg iliangamia mwezi Julai 1915, baada ya ndege zilizoruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza. Wajerumani waliitoa mizinga yake 10, wakaitengeneza Dar es Salaam, wakaipeleka katika vita vya bara. Ustadi ulikuwa mkubwa, na uvumilivu pia. Matunda yake yalikuwa mauti. Basi ustadi wa kufufua hautoshi kuwa fadhila. Lazima tuulize kinachofufuliwa kitamtumikia nani.

Hapa ndipo gari la zimamoto linapotufundisha. Liliundwa kwa ajili ya msiba wa mtu asiyejulikana. Saa ya moto halina mwenyewe. Akilifufua mtu kwa kutazamwa tu, bomba lake lisivute maji, amefufua rangi ameacha roho. Mashua nayo ni hivyo: heri iendayo kuvua na kiraka kuliko ing'aayo mchangani.

Iko faida nyingine, nayo ni elimu ya mikono. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasipo msumari, ulikoma kuundwa pwani yetu, na elimu yake ikatoweka pamoja na mafundi wake. Walipotaka kuunda mwingine Zanzibar mwanzoni mwa karne hii, wajuzi walilazimika kutafuta kwa uchunguzi mambo ambayo babu zao waliyajua kwa vidole. Kijana ashikaye tezo pembeni ya mzee, katika kutengeneza mashua moja iliyochakaa, hujifunza yasiyoandikwa.

Hata hivyo hoja ya jirani haijafa. Mashua ikila ada ya mtoto, imekuwa sanamu, na mwenyewe amekuwa mtumwa wake. Heshima kwa baba aliyekufa haiwezi kulipwa kwa haki ya mtoto aliye hai. Afanyeje basi asiye na uwezo leo?

Jibu nalipata kwa wale waliozamisha meli ya Kigoma. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Hawakuwa na uwezo wa kuiokoa, lakini walikataa kuiharibu, na kwa ajili hiyo mitambo ilipatikana mizima baada ya miaka minane majini. Mtu wa Bweni anaweza vile vile kujenga kibanda cha makuti juu ya mashua yake, akaupaka mkuku sifa, akangoja. Si lazima afufue leo. Ni lazima asizibe njia ya atakayefufua kesho. Wajibu huu wa katikati hauna gharama kubwa, wala haumnyimi mtoto shule. Nadhani hata jirani, akiombwa, angeleta makuti machache.